Nyumba Mapacha, Bima Mbalimbali

Mama Pindo hakuwahi kuamini kipimo cha mtu mwingine. Mteja akija na karatasi iliyoandikwa "dirisha mita mbili na robo", anaipokea kwa heshima zote, anaikunja, anaitia mfukoni, halafu anavua tepu yake shingoni na kwenda kulipima dirisha mwenyewe. Mara tatu: juu, katikati na chini. "Madirisha huongopa," husema. "Juu lina sura hii, chini lina sura nyingine. Kama watu tu." Hata kwenye duka la vitambaa, muuzaji akishaweka rula yake ya mbao mezani, yeye huilaza tepu yake pembeni kwanza, aone kama zinapatana. Zamani muuzaji alikuwa akinuna. Siku hizi humwambia, "Pima, mama, pima. Ukitaka, nipime na mimi."

Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu pindo lake la chini la pazia halikuwa na mfano: zito, limenyooka, mshono hauonekani hata ukilala sakafuni kuutafuta. Na ndani ya pindo hilo kulikuwa na siri. Miaka mingi nyuma, mteja mmoja alimletea pazia lililosinyaa kwa kufuliwa likawa kama sketi ya mtoto wa chekechea, akadai arudishiwe fedha zake. Pazia halikuwa la Mama Pindo, aliapa halikuwa lake, lakini angethibitishaje? Alilipa huku akimeza mate machungu. Tangu siku hiyo kila pazia lililotoka mikononi mwake lilikuwa na lebo nyeupe, ndogo kama kidole gumba, imefichwa ndani ya pindo upande wa kushoto, imetariziwa kwa uzi mwekundu: *Mama Pindo, mapazia, nyumba namba 14, chumba cha mbele.* Anwani aliiongeza kwa makusudi. Lebo isiyo na anwani, alisema, ni kama shahidi asiyejulikana kwao.

Aliyeijua lebo hiyo ni yeye na sindano yake.

Nyumba namba kumi na nne ilikuwa na pacha. Marehemu mumewe na rafiki yake wa posta walinunua viwanja vilivyogusana, wakamwita mwashi mmoja, wakamwagizia tofali za tanuru moja na mabati ya duka moja. Mwashi, ili asiumize kichwa, alijenga nyumba mbili zinazofanana kama viatu vya jozi moja: mlango wa hii kulia, wa ile kushoto. Katikati palioteshwa ua wa miti midogo, unaomfikia mtu kifuani, wa kutosha kutenganisha kuku lakini si maneno. Mume alifariki. Rafiki alistaafu, na mtaa mzima ukamwita Bwana Posta. Yeye na Mama Pindo waliitana shemeji, na kwa miaka yote hiyo suruali za Bwana Posta zilikunjwa pindo bure, na taa za Mama Pindo zilibadilishwa bure.

Basi Jumatatu moja ikaja barua ya bima.

Aliisoma akiwa amesimama, akaisoma akiwa amekaa, halafu akaipeleka dirishani akaisoma kwenye mwanga. Ada ya bima ya nyumba ilikuwa imepanda kwa zaidi ya nusu. Sababu, kwa mujibu wa barua: "mabadiliko ya matumizi ya jengo". Mkaguzi angefika Jumatano. Mwisho wa kulipa ulikuwa Ijumaa saa sita mchana, na saa hiyo ikipita, nyumba isingekuwa na bima tena.

Sasa mtu mwingine angesema, acha ipite, kwani nyumba itakimbia? Mama Pindo hakuweza kusema hivyo. Miaka mitatu nyuma upepo ulimng'olea bati saba, na bima ikamlipa. Na pale kwenye kona ya mtaa aliona kwa macho yake familia ya fundi viatu ikihamia stoo ya wakwe, godoro juu ya magunia, kwa sababu nyumba yao iliungua ikiwa haina bima. Yeye hakuwa na wakwe wenye stoo. Hakuwa na mtoto wa kumkimbilia. Alikuwa na nyumba. Ikiondoka hiyo, kimeondoka chumba cha kulala, kimeondoka kiwanda, na zimeondoka alama za penseli za marehemu mumewe kwenye fremu ya mlango, alipopima mahali pa kupachika komeo.

Lakini kilichomkosesha raha kuliko hata bei ni yale maneno matatu. Mabadiliko ya matumizi. Miaka sita iliyopita, kwenye fomu, palikuwa na swali: *Je, kuna biashara inayofanyika ndani ya nyumba?* Aliandika *Hapana*, bila kusita. Biashara ni duka, yeye alijiambia. Biashara ina kaunta na kibao nje. Mtu anayeshona chumbani kwake anafanya kazi za mikono.

Kwa hiyo kampuni haikujua. Na kama sasa imejua, kuna aliyeiambia.

Nani?

Asubuhi ya Jumanne alikwenda kumwagilia maua yasiyohitaji maji, karibu na ua. Bwana Posta alikuwa kibarazani, miwani puani, bahasha mapajani.

"Shemeji, naona na wewe umeandikiwa," Mama Pindo alianza, sauti laini kama hariri.

"Aa, hawa! Wameongeza kidogo tu. Ya kununulia soda."

"Kidogo?"

"Kidogo." Akataja kiasi.

Mama Pindo alishikilia kopo la maji lisidondoke. Kiasi kile hakikufika hata nusu ya alichotakiwa kulipa yeye. "Nyumba zetu ni mapacha, shemeji. Mwashi mmoja. Bati moja."

"Mapacha nao wana tabia tofauti." Akacheka. Kisha, kwa upole, akasema neno ambalo angejua lingefanya nini asingelisema: "Kwani wamekuuliza habari za cherehani?"

Mama Pindo alihisi kama sindano imemchoma chini ya kucha. Cherehani! Yeye hakutaja cherehani. Barua haikutaja cherehani. Huyu kalitoa wapi?

"Nani kakwambia habari za cherehani?"

"Hakuna aliyeniambia. Nimefikiri tu. Ukiwa na kazi ndani, wao..."

"Umefikiri." Aliweka kopo chini taratibu. "Umefanya kazi posta miaka thelathini, Bwana Posta. Barua ngapi za watu zilipita mikononi mwako?"

Mzee akavua miwani. Si kwa lile swali. Ni kwa lile "Bwana Posta". Alikuwa shemeji tangu mwashi hajachimba msingi.

"Elfu na maelfu," alisema. "Na sikufungua hata moja."

"Mwenyewe umesema."

Aliingia ndani. Juu ya meza palikuwa na suruali mbili za Bwana Posta zikisubiri kukunjwa. Alizitia kwenye mfuko wa plastiki vilevile zilivyo, miguu mirefu ikiburuza, akautundika mfuko kwenye ua. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea, na wahenga hawakukosea hata kidogo.

Siku nzima alihesabu ushahidi. Bwana Posta anaijua nyumba yake chumba kwa chumba, maana anayo ya kwake iliyo sawasawa. Bwana Posta anakaa kibarazani tangu asubuhi, akiona kila mteja anayeingia na kila robota la kitambaa linaloshushwa. Na ada ya Bwana Posta ni ndogo. Kwa nini ni ndogo? Huenda kampuni inawapunguzia watu wanaowachongea majirani zao. Mbona inawezekana! Wazo hilo lilimkaa kichwani hadi akakata kitambaa cha mteja kikapungua sentimita nne, kosa ambalo hakulifanya tangu alipokuwa mwanafunzi wa ushonaji.

Jumatano mkaguzi alifika, kijana mrefu mwenye ubao wa kuandikia na tochi. Mama Pindo alimpima kwa macho kutoka viatuni hadi utosini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kitambulisho."

Alikitazama mbele na nyuma, akakilinganisha na uso. "Hapa una ndevu."

"Nimenyoa, mama."

"Kwa nini?"

Kijana alicheka, akaona hachekewi, akaacha.

Waliingia chumba cha mbele. Kwa Mama Pindo kilikuwa chumba kizuri kuliko vyote duniani: cherehani mbili, marobota ya vitambaa hadi karibu na dari, magunia ya sponji ya kujazia mito, na katikati meza ya pasi. Mkaguzi alisimama mlangoni akakitazama chote. Kisha akapiga picha. Akapima kwa macho umbali kutoka pasi hadi sponji.

"Hatua moja," alisema.

"Moja na nusu," alisema Mama Pindo, na tepu ikawa tayari mkononi.

Kijana aliinama chini ya meza akamulika tochi. Pasi, cherehani zote mbili na taa vilinyonya umeme kwenye soketi moja, na kutoka kwenye soketi ile waya ulipanda ukutani ukiwa umeungwa katikati kwa utepe mweusi uliokauka na kuanza kufunguka.

"Huu aliuunga fundi gani?"

"Marehemu mume wangu."

Kijana alizima tochi. "Pole, mama."

"Umepitisha umeme miaka kumi na minane, haujawahi kuniangusha."

Kijana alitoka, akatazama mabati, akahesabu hatua hadi jiko, akauliza kama kuna mtungi wa kuzima moto (hakuna), na gari la zimamoto likitoka kituoni linachukua muda gani kufika (nani amewahi kupima?). Mama Pindo alimfuata nyuma kama kivuli, na kila alichokiandika alitaka asomewe.

"Unaniandika kama mhalifu," alisema mwishowe.

"Hapana, mama. Mimi sikuangalii wewe. Naangalia moto ungeanzia wapi."

Neno hilo lilimpita mwilini kama baridi. Alikigeukia chumba chake, na kwa mara ya kwanza akaona magunia ya sponji yamekaa karibu na pasi kama watoto wanaoota moto. Aliona hivyo kwa sekunde moja tu. Halafu shuku ikarudi kwenye kiti chake.

"Nani kawaambia?"

"Sijui. Mimi napewa karatasi." Akamwonyesha. Palikuwa na namba ya nyumba, na mstari mmoja: *Ushonaji wa mapazia, chumba cha mbele.*

Chumba cha mbele! Mpita njia angesema nyumbani kwake. Mteja angesema kwa fundi. Anayekiita chumba cha mbele ni mtu wa ndani, mtu aliyezoea kuingia na kunywa chai humo. Basi, shauri limekwisha. Mkaguzi alipoondoka, ule mfuko wa suruali ulikuwa haupo tena kwenye ua, na mlango wa Bwana Posta ulikuwa umefungwa.

Alhamisi alivaa gauni lake la mikutano, akatia barua, mkataba na tepu kwenye mkoba, akaenda ofisi ya bima. Njia nzima alipanga maneno. Angelitaka jina. Wakimpa jina ndipo angelipa, na wakimnyima angepiga kelele hadi meneja atoke.

Ofisi ilikuwa imehamia ghorofa ya juu, kwenye ukumbi mpya wenye madirisha marefu. Aliambiwa akae asubiri. Alikaa, mkoba magotini, akiwatazama wafanyakazi kwa jicho la pembe. Na kwa kuwa hakuna fundi mapazia anayeweza kukaa chumbani bila kuyatazama mapazia, akayatazama.

Rangi ya udongo, kitambaa kizito, marinda ya vidole vitatu. Kazi nzuri, alikiri moyoni. Nani kashona? Alisogea. Marinda yale aliyajua. Yalikuwa yake! Mwaka juzi duka moja la samani lilimwagiza mapazia ishirini, na hakuambiwa yanakwenda wapi. Kumbe yalikuja hapa. Furaha ilimjia kabla hajaizuia, lakini macho yake yakashuka hadi chini, na furaha ikakatika. Pindo lilikuwa limefumuliwa. Pindo lake! Nyuzi zinaning'inia kama ndevu za mbuzi, kitambaa kimeshushwa ili kifike sakafuni kwenye madirisha haya marefu. Na kwenye kona ya kushoto, imetokeza kama ulimi wa mtu anayekuzomea, kulikuwa na lebo nyeupe.

*Mama Pindo, mapazia, nyumba namba 14, chumba cha mbele.*

"Mama, karibu mezani," ilisema sauti nyuma yake. Alikuwa wakala, binti mwenye miwani mikubwa na tabasamu la kazini. Akaona mama ameshika nini. "Ah! Hayo tunayapenda sana. Tulipohamia huku yakawa mafupi, mhudumu akafumua chini. Ndipo tukaona jina la fundi. Tukasema tumtafute atuongezee sita ya chumba cha mikutano. Nikaingiza anwani kwenye kompyuta nipate namba ya simu, na..." Akasita. "Ikaja nyumba ambayo tayari ni yetu. Iliyoandikwa haina biashara."

Mama Pindo aliketi bila kuambiwa. Maneno yote aliyoyapanga njiani yalimtoka kama mchele kwenye gunia lililotoboka. Jina alilokuja kulidai lilikuwa mkononi mwake, kwa uzi mwekundu, kwa mwandiko wake.

"Kwa hiyo hakuna mtu aliyewaambia," alisema polepole.

"Hakuna, mama."

"Hata jirani?"

"Jirani yupi?"

Alifuta kijasho puani. Lakini shuku ya miaka mingi haifi kwa siku moja. "Basi nieleze, mwanangu. Jirani yangu nyumba ni hiihii. Mbona yeye analipa ya soda?"

Siri za mteja mwingine wakala hakuweza kuzitoa, ila akamwambia ni mambo gani hutazamwa. Nyaya zina umri gani. Kama kuna mtungi wa kuzima moto. Kama mwenye nyumba aliwahi kudai fidia. Na kama amekubali, hasara ikitokea, sehemu ya kwanza aibebe mwenyewe. Mama Pindo alisikiliza, na kila jambo likamleta Bwana Posta mbele ya macho yake. Alipostaafu, si aliita fundi umeme akabomoa kuta wiki nzima, na yeye akamcheka kwa kutupa fedha? Ule upepo wa miaka mitatu nyuma, si ulimng'olea na yeye bati mbili, akapanda juu na misumari mdomoni, akazirudishia mwenyewe, asidai kitu? Mapacha nao wana tabia tofauti. Alikuwa amemweleza palepale uani.

"Na kuna jambo kubwa kuliko bei," wakala alisema, na tabasamu la kazini likaondoka. "Ungeungua na lile jibu la *Hapana*, madai yako yangeweza kukataliwa. Yote."

"Lakini mimi nimelipa miaka sita!"

"Umelipa, mama. Kwa nyumba isiyo na sponji wala pasi. Nyumba hiyo haipo."

Miaka sita alipima madirisha ya watu mara tatu tatu, akashuku rula ya muuza duka, akashuku ndevu za mkaguzi, na kila usiku akalala fofofo juu ya jibu lake mwenyewe, ambalo hakulipima hata mara moja.

Alivuta pumzi. "Leta fomu mpya," alisema. "Na kalamu inayoandika."

Aliandika *Ndiyo*. Kisha ukaanza mnada. Akitenga stoo ya sponji na vitambaa mbali na pasi? Ada itapungua. Akiweka mtungi wa kuzima moto? Itapungua kidogo. Akibadilisha nyaya, na fundi mwenye leseni akasaini? Hapo itapungua sana, ila awe amemaliza ndani ya siku thelathini. Kila ahadi alitaka iandikwe na igongwe muhuri. "Maneno yana mbawa, mwanangu." Kiasi kilichobaki kilikuwa kikubwa kuliko cha mwaka jana, wala si cha soda, lakini kilikuwa mbali na kile cha barua. Alilipa papo hapo, siku moja kabla ya ile saa sita ya Ijumaa, akaisoma risiti mara tatu: juu, katikati na chini.

Akiwa mlangoni wakala alimkumbusha, "Na yale mapazia sita, mama?"

"Nitawashonea. Lakini bei yangu imepanda."

"Kwa nini?"

"Mabadiliko ya matumizi," alisema Mama Pindo, na kwa mara ya kwanza wiki ile alicheka. "Na hilo pindo mlilofumua, msiliguse tena. Nakuja na sindano."

Wiki iliyofuata fundi umeme aliung'oa waya wa marehemu. Ndani ya utepe mweusi shaba ilikuwa imeungua, nyeusi kama makaa. Fundi alitaka kuutupa. Mama Pindo aliuomba, akauzungusha kama uzi na kuuweka kwenye kopo la vifungo. Alama za penseli kwenye fremu ya mlango hazikuguswa.

Siku hiyohiyo, jua likiwa bado juu, alikwenda uani. Bwana Posta alikuwa kibarazani, suruali imekunjwa chini kwa pini za ofisini, moja imefunguka na kumkwaruza kisigino.

"Shemeji," aliita.

Mzee hakugeuka upesi. "Unaniita mimi au posta?"

"Lete hizo suruali. Unatembea kama mtu anayevuka mto."

Alizileta mwenyewe, akazipitisha juu ya ua. Mama Pindo akamsimulia yote, ofisi, lebo na ule ulimi wake, bila kujitetea hata pale alipoweza. Bwana Posta alicheka mpaka akashika miti ya ua asianguke.

"Kwa hiyo umemaliza kunishuku?"

"Nimepumzika."

Kesho yake suruali zilikuwa tayari, pindo limenyooka kama mstari wa daftari. Bwana Posta alishukuru, kisha, kwa kuwa sasa alikuwa na elimu, akageuza pindo la mguu wa kushoto na kupapasa kwa kidole. Kulikuwa na kitu kidogo kigumu ndani yake, ukubwa wa kidole gumba.

"Hata mimi, shemeji?"

"Hasa wewe," alisema Mama Pindo, akavua tepu shingoni na kumpima mguu, kuhakikisha.